Whoopi Goldberg na ugonjwa wake wa picha za anga

Ukimtaja Whoopi Goldberg kijiweni kwetu Magomeni, watu wazima wanakujibu kwa neno moja tu: Sarafina. Yule mwalimu aliyekamatwa na askari wa makaburu, picha ya mwaka 1992 iliyowaliza wengi. Wengine watakukumbusha Sister Act ya mwaka huohuo, alipojificha kwa masista wa kanisa huku akiwindwa na majambazi. Wanaofuatilia luninga za Marekani wanamjua kama yule mama wa rasta anayeongoza kipindi cha The View tangu 2007, mdomo wake hauna breki. Lakini hebu waambie kwamba mama huyu tangu utotoni ni mgonjwa wa picha za anga, zile za vyombo vinavyokatiza kwenye nyota na viumbe wenye masikio ya ajabu. Watakuona umechanganyikiwa.

Mimi siwezi kumcheka, maana ugonjwa huo nami ninao.

Nilivyoupata ni kisa. Enzi zile kibanda cha video kilikuwa cha watoto wa kiume. Mtoto wa kike kukutwa mle ndani, tena jioni, ilikuwa fimbo bila maelezo. Mimi nilikuwa naingia nyuma ya kaka yangu, nimevaa kofia yake, najibanza pembeni kwenye benchi. Wenzangu wakitaka ngumi za Wachina, mimi naombea uwekwe mkanda wenye roboti. Siku moja kaka akanichoma. "Wewe unashangilia nini? Humo hamna hata mtu wa rangi yako." Nikanyamaza. Alikuwa anasema kweli, asikwambie mtu. Stelingi mzungu, adui mzungu, hata roboti analalama kizungu. Mweusi akiwepo, anakufa kabla hujamaliza karanga zako.

Sasa, kumbe hilohilo lililoniuma mimi Magomeni ndilo lililomuuma Whoopi miaka mingi kabla yangu, kule New York.

Jina lake la kuzaliwa ni Caryn Johnson. Alizaliwa Novemba 1955 na kukulia Manhattan, kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, akilelewa na mama yake. Shule ilimshinda. Si kwamba hakuwa na akili. Ana tatizo la kusoma ambalo herufi zinamgomea mtu, na enzi hizo mtoto wa namna hiyo alikuwa anaitwa mjinga, basi. Akaacha masomo. Baadaye alipiga kazi za kila aina: aliwahi kupanga matofali, aliwahi hata kuwapamba maiti. Usicheke, ndiyo maisha.

Septemba 8, 1966, akiwa hajatimiza miaka 11, luninga za Marekani zikaanza kuonyesha mfululizo wa Star Trek. Chombo cha anga, karne ya 23, na kwenye usukani wa mawasiliano ameketi dada mweusi, mrembo, afisa kamili. Whoopi amesimulia mara nyingi alivyochanganyikiwa siku alipomwona. Alikimbia nyumba nzima akimwita mama yake na kila aliyekuwemo waje waone: kuna mwanamke mweusi kwenye luninga na si mtumishi wa ndani! Maana wakati ule, mwanamke mweusi akitokea kwenye kioo, ujue kuna sakafu ya kupigwa deki.

Dada yule aliitwa Nichelle Nichols. Na hapa, msomaji wangu, kaa vizuri, maana tunaingia nyumbani kwetu.

Afisa aliyemcheza anaitwa Uhura. Umelisikia vizuri. Nichols mwenyewe alieleza kwamba siku ya kufanyiwa majaribio alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark kuhusu Kenya, na jina la kitabu ni Uhuru. Mtunzi wa mfululizo, Gene Roddenberry, akalipenda neno. Wakabadilisha herufi ya mwisho tu ili lisikike la kike. Wazungu bwana, wanadhani kila kinachoishia na "a" ni cha kike! Na si jina peke yake. Uhura ni Mwafrika na lugha yake ni Kiswahili. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa kuna kiumbe anajigeuza mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika nyingine, ya 1967, anapoteza kumbukumbu zote, inabidi afundishwe Kiingereza upya, lakini akikasirika kinachomtoka ni Kiswahili. Mimi sehemu hiyo niliiona nikiwa mtu mzima. Lafudhi yenyewe ya Hollywood hasa, lakini nilirudisha nyuma mara nne.

Bado kidogo Uhura atoweke. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha, moyo wake ulikuwa kwenye maonyesho ya jukwaani. Kwenye hafla moja akaambiwa kuna shabiki wake anataka kumsalimia. Kugeuka, anakutana na Martin Luther King! Kwa simulizi ya Nichols, King alimwambia asithubutu kuondoka, maana kwa mara ya kwanza watu wao walikuwa wakionekana kama wanavyostahili. Dada akarudi kazini. Angeondoka, sijui binti yule wa Manhattan angekimbia nyumba nzima kumwita nani.

Twende mbele. Mwaka 1987 ukaanza mfululizo mpya, Star Trek: The Next Generation. Wakati huo Whoopi ni jina kubwa, ameshatajwa kuwania Oscar kwa The Color Purple. Mtu wa hadhi hiyo siku hizo hakuwa akihangaika na luninga, sembuse mambo ya anga. Yeye akamtuma rafiki yake LeVar Burton, aliyekuwa mmoja wa waigizaji, akawaambie wakubwa kwamba anataka nafasi. Jamaa wakadhani anatania, wakapiga kimya. Ikabidi aende mwenyewe kwa Roddenberry kumweleza kwamba kabla ya Uhura, yeye hakuwahi kumwona mtu mweusi kwenye hadithi za wakati ujao. Fikiria hilo vizuri. Mtoto anaangalia karne zijazo, na watu wa kwao hawamo.

Ndipo mwaka 1988 akazaliwa Guinan, mhudumu wa baa ya ndani ya chombo, mwenye umri wa mamia ya miaka, anayesikiliza shida za kila mtu. Makofia yake makubwa kama sinia la pilau! Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye mkanda wa Generations, picha ya 1994, ulioletwa na jirani yetu baharia. Nilimwita kaka kwa sauti iliyoamsha wapangaji wote. Alikuja, akatazama, akasema, "Haya, yupo mmoja." Kwa kaka yangu hiyo ni kuomba radhi.

Ugonjwa wenyewe haujapona. Januari 2020, Patrick Stewart, aliyekuwa nahodha wa chombo kile, alikuja kwenye The View kama mgeni. Katikati ya mazungumzo, kamera zikiwaka, akamwomba Whoopi arudi kuwa Guinan katika mfululizo wake mpya. Mama mwenye Oscar, Emmy, Grammy na Tony, aliyezoea kuwabana wageni kwa maswali, akalegea palepale na kumkumbatia. Mwaka 2022 akarudi kweli. Na 2024, pamoja na mwandishi Jaime Paglia, akatoa kitabu cha katuni cha The Change, kuhusu mwanamke anayepata nguvu za ajabu akifikia umri wa kukoma hedhi. Wanaosema mambo haya ni ya vijana wa kiume wenye chunusi, habari ndiyo hiyo.

Nichols alifariki Julai 30, 2022, akiwa na miaka 89. Wiki hiyo nilikuwa kwa kaka, nikamwekea binti yake wa miaka saba picha ya Uhura kwenye simu. Akaiangalia sana, sare nyekundu, kidude cha kusikilizia sikioni. "Shangazi, huyu nani?"

"Anaitwa Uhura."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani. "Wamekosea kuandika. Ni Uhuru."