Jezi ya Maradona na Bei ya Ushahidi

Mei 2022, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza jezi ya buluu aliyoivaa Diego Maradona tarehe 22 Juni 1986, Argentina ilipoitoa England katika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Mexico. Ilinunuliwa kwa pauni milioni 7.1. Wengi waliosikia bei hiyo waliuliza swali lile lile: kitambaa kilicholoa jasho kinawezaje kugharimu fedha zote hizo?

Kitambaa chenyewe hakikuwa na thamani yoyote. Kocha Carlos Bilardo aliona jezi za buluu walizosafiri nazo ni nzito mno kwa joto la mchana wa Mexico City, hivyo mtu akatumwa madukani kutafuta nyepesi. Zilizopatikana zikashonewa nembo kwa haraka na kubandikwa namba za kung'aa zilizokusudiwa mchezo wa mpira wa Marekani. Baada ya mechi, kiungo wa England, Steve Hodge, alibadilishana jezi na Maradona. Ni Hodge huyo huyo aliyeubetua mpira kuelekea langoni kwake, Maradona akaruka na kuusukumiza wavuni kwa mkono. Dakika nne baadaye Maradona akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine na kufunga goli ambalo mashabiki wengi hadi leo wanaliita bora kuliko yote katika historia ya Kombe la Dunia.

Jezi ile ilikaa kwa miaka mingi katika jumba la makumbusho ya soka la England, watu wakaenda kuitazama. Ilipotangazwa kwamba itauzwa, familia ya Maradona ikapinga: Hodge, walidai, alipewa jezi ya kipindi cha kwanza, na magoli yote mawili yalifungwa kipindi cha pili. Kama madai hayo yangekuwa kweli, sehemu kubwa ya bei ingeyeyuka. Wataalamu wakachukua picha za magoli yale na kuzilinganisha na jezi yenyewe: nembo imekaaje, mistari inakutana wapi kwenye mshono, namba imebandikwaje. Hapo ndipo ule ushonaji wa harakaharaka ulipofaa. Jezi zinazotoka kiwandani kwa maelfu hufanana. Hizi, zilizomaliziwa kwa mikono, kila moja ilikuwa na dosari zake. Picha zikaafikiana na jezi ya Hodge.

Huo ndio msingi wa biashara hii nzima. Mnunuzi analipia uhakika kwamba kitu hiki kilikuwepo pale, saa ile, mwilini mwa mtu yule. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jezi ya Babe Ruth ya fainali za besiboli za Marekani za mwaka 1932, mechi ambayo inasimuliwa kwamba alinyoosha kidole kabla ya kuupiga mpira nje ya uwanja. Mwaka 2005 iliuzwa dola 940,000. Agosti 2024, baada ya kulinganishwa na picha za siku ile, ilifikia dola milioni 24.12. Soko lenyewe lilikuwa limepanda kati ya miaka hiyo, hilo halina ubishi, lakini naamini ushahidi ulichangia pakubwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kitu cha aina hii ni kwamba bei yake ni halali. Kipo kimoja tu duniani, na mnadani wanatosha matajiri wawili wasiotaka kushindwa.

Saini ni habari nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilivunja mtandao mkubwa wa waghushi saini za wanamichezo. Miongoni mwa bidhaa zao palikuwa na mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa. Cheti cha uhalali hakikuwa kinga, kwa sababu aliyeghushi saini hashindwi kughushi karatasi. Jezi iliyosainiwa bila picha ya mchezaji akiisaini, wala maelezo ya mikono iliyopitia, inunue kwa mapenzi tu, na kwa fedha ambayo ukiipoteza hutalala njaa.

Hata kitu halisi chenye ushahidi wote kinaweza kuporomoka, maana historia yenyewe hugeuka. Mwaka 1998 Mark McGwire aliupiga mpira nje ya uwanja mara 70 katika msimu mmoja, rekodi mpya ya besiboli. Todd McFarlane, msanii wa vitabu vya katuni, akaununua mpira wa 70 kwa takriban dola milioni 3. Miaka mitatu baadaye Barry Bonds akafikisha 73, na mpira huo wa mwisho McFarlane akaununua pia, safari hii kwa dola 450,000. Mwaka 2010 McGwire akakiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Tena, mali ya aina hii haizai chochote: shamba huzaa na nyumba hupangishwa. Mpira wa McGwire haukuweza kumlipa mwenyewe hata senti moja huku ukisubiri mnunuzi mwingine, na aliyenunua mnadani huwa tayari amelipa ada juu ya bei.

Afrika imo katika soko hili, ila mara chache kama muuzaji. Mkanda wa ubingwa wa Muhammad Ali wa pigano la Kinshasa, 30 Oktoba 1974, uliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 6.18, na aliyeununua alikuwa Mmarekani, Jim Irsay. Mwaka huo huo wa 1974, mwezi Februari, Mtanzania Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo, na mbio zile zilirekodiwa kwenye filamu. Ushahidi wa aina iliyoiokoa jezi ya Hodge unaweza kupatikana kwa wanariadha wetu pia. Familia zenye fulana, viatu au namba za mbio kabatini ziandike sasa nani alivivaa, wapi na lini, huku wenyewe wakiwa hai kuthibitisha. Mishono na mabaka yapigwe picha kwa karibu. Na fulana zisifuliwe tena.