Prosesa Mpya: Tupime Kwanza, Kisha Tununue

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo hutujia kila viwanda vya prosesa vinapotangaza kizazi kingine cha bidhaa zao. Prosesa, kwa faida ya wasomaji wasio na mazoea nayo, ni kile kidude kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote. Ndiyo ubongo wa mashine. Kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, ndizo zenye sehemu kubwa ya soko la prosesa za kompyuta za mezani, na aghalabu haipiti miaka miwili bila mojawapo kuleta kizazi kipya. Wito wa muuzaji huwa ni ule ule: ya jana imepitwa na wakati, ya leo ndiyo ya kununua.

Tunapenda kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa sababu linagusa mifuko ya watu wengi. Linamgusa mkuu wa shule mwenye chumba cha kompyuta, mhasibu wa chama cha ushirika, mwenye duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, na kijana anayechuma riziki kwa kuhariri picha za arusi. Fedha ya watu hawa si ya kuchezea. Ikishatumika vibaya hairudi, na kazi iliyokuwa ikichelewa huendelea kuchelewa.

Isidhaniwe kwamba tunapinga maendeleo. La hasha! Vipo vizazi vya prosesa vilivyoleta nafuu ya kweli. Mwaka 1967 prosesa ya namna hii haikuwapo kabisa. Mwaka 2017, AMD ilipoleta Ryzen, mnunuzi wa kawaida aliweza kupata viini 8 vya kufanyia hesabu kwa bei ambayo hapo kabla ilimpatia viini 4. Aliyenunua wakati ule kwa ajili ya kazi nzito hakujuta. Lakini si kila kizazi huja na baraka hiyo. Mwezi Oktoba 2024 Intel ilitoa prosesa zake za Core Ultra 200. Zilipunguza matumizi ya umeme, lakini katika michezo mingi ya kompyuta zilizidiwa na zile za kizazi cha 14 ambazo zilikuja kuzirithi. Ni dhahiri basi kwamba jina la "kizazi kipya" ni jina la sokoni tu. Si kipimo cha kazi.

Tena yupo mwenye haraka aliyepata hasara. Katika mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea umeme wa nguvu kupita kiasi, hata mashine zikawa zinakatika kazi ovyo. Kampuni ilitoa marekebisho na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Hata hivyo, marekebisho hayo yalikuwa ni kinga tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikupona kwayo. Anayesubiri miezi michache baada ya tangazo hapotezi kitu, bali hupata habari za wale waliotangulia.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitii katika hesabu ni kwamba prosesa haisimami peke yake. Hukaa katika soketi iliyo juu ya ubao mkubwa ambao mafundi huuita mazabodi, na soketi hubadilika. Vizazi vya 12, 13 na 14 vya Intel vilitumia soketi moja, LGA1700; mwaka 2024 ikaja nyingine, LGA1851, na mwenye ubao wa zamani akafungiwa mlango. AMD kwa upande wake ilidumu na soketi ya AM4 kwa muda mrefu, hata watu wengi walionunua ubao mwaka 2017 wakaweza kuupachika prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022, baada ya kuuwekea ubao huo programu mpya ya msingi. Lakini Septemba mwaka huo huo wa 2022 ikaja AM5, nayo haikubali kumbukumbu za aina ya DDR4, bali DDR5 peke yake. Kwa hiyo anayetoka AM4 kwenda AM5 hanunui kitu kimoja. Ananunua prosesa, ubao na kumbukumbu, na pengine feni na pawasaplai pia. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu nazo zilipanda sana, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuangalia bei ya prosesa, na ijumlishwe kwanza bei ya msafara wake wote.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Je, kazi yako inacheleweshwa na prosesa? Tuchukue mfano. Kazi fulani inachukua dakika 10. Katika hizo, dakika 2 ni za prosesa kufanya hesabu, na dakika 8 ni za kungojea diski ilete majalada. Ukinunua prosesa yenye kasi maradufu, zile dakika 2 zitakuwa 1, na kazi yako itachukua dakika 9. Umelipa fedha nyingi ukaokoa dakika moja. Lau ungaliiacha prosesa ile ile ukabadilisha diski ya kuzunguka ukaweka ya SSD, ungaliondoa sehemu kubwa ya zile dakika 8. Hesabu hii si ngeni. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliitoa hoja ya namna hiyo mwaka 1967: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi ina mpaka, na mpaka huo unawekwa na sehemu zilizobaki.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Katika kompyuta yenye Windows, mtu akibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, hufunguka dirisha linaloonyesha jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Na aliangalie dirisha hilo wakati ule hasa mashine inapomchosha. Iwapo diski imefikia asilimia 100 na prosesa iko chini, kikwazo ni diski. Iwapo kumbukumbu imejaa, na aongeze kumbukumbu. Iwapo prosesa ndiyo iliyofika kileleni na kukaa hapo kwa muda mrefu, basi hapo tutakubaliana naye kwamba anahitaji nyingine. Hadhari moja tu: programu inayotumia kiini kimoja ndani ya prosesa ya viini 8 itaonyesha kiasi cha asilimia 12 au pungufu, ingawa kiini hicho kimeelemewa. Kwa programu ya namna hiyo wingi wa viini si dawa. Kinachotakiwa ni kasi ya kila kiini.

Fauka ya hayo, ipo sababu nyingine ya kubadilisha isiyohusiana na kasi, nayo ni usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kiungo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache za kizazi cha 7, au ya AMD ya Ryzen 2000 na kuendelea. Ndiyo kusema kwamba mashine nyingi zilizouzwa zikiwa mpya kabisa mwaka 2017 zinakataliwa, hali zinaandika barua na kupiga hesabu bila taabu. Kulalamika ni haki, lakini kompyuta yenye orodha ya mishahara na iliyounganishwa na intaneti haifai kuachwa bila kinga.

Hata hapo, kununua prosesa ya kizazi cha mwisho si njia pekee. Microsoft iliweka mpango wa marekebisho ya kulipia usiozidi miaka 3. Shule zilipangiwa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu, yaani jumla ya dola 7. Ofisi na kampuni zilipangiwa dola 61, kisha 122, kisha 244, yaani jumla ya dola 427. Na anayechelewa kujiunga hulipa pia miaka iliyompita. Hesabu ya shule, basi, si hesabu ya ofisi. Shule ina sababu ya kujinunulia muda wa kufikiri kwa fedha kidogo. Ofisi ikilipa dola 427 kwa mashine moja kuukuu itakuwa imefanya israfu, kwani kwa fedha hiyo aghalabu hupatikana kompyuta iliyotumika ya kizazi kinachokubalika. Na pale ambapo kazi ni kuandika na kusoma tu, mfumo wa Linux, usiouzwa, utaendelea kuitumikisha mashine ile ile.

Sisi wa Tanzania tuna historia ya kutufunza. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya nafuu iliyotarajiwa katika hesabu kutopatikana. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na hakuna anayeitamani irudi. Lakini fundisho lake halijachakaa: mashine inayotangulia kazi huwa mzigo, na kazi iliyotangulia ikapimwa ndiyo inayojua mashine inayoitaka.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kijana anayehariri video, ambaye prosesa yake hufika kileleni kila siku na wateja wanangoja, na anunue, tena asisite. Kila saa anayoipata ni riziki yake. Mwenye mashine iliyokataliwa na Windows 11 na achague njia yake kwa kalamu na karatasi. Wengine wote, ambao sababu yao ni tangazo tu, na wazuie fedha zao. Na wale waliokabidhiwa fedha za umma wana wajibu mkubwa zaidi: mkuu wa kazi anapoletewa ombi la kompyuta mpya, asiulize kwanza ni za kizazi gani. Aulize ni kazi gani inayokwama, na nani aliyeipima.