MAUMIVU YA SARATANI: WAJIBU WA KAYA NA WAJIBU WA CHAMA

Mgonjwa wa saratani anaporudishwa Sengerema kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, pengine jamaa zake huwa wameambiwa kwamba ugonjwa wake hautapona. Wengi hufahamu kutokana na maneno hayo kwamba hakuna tena la kufanya. Ufahamu huo si sahihi. Ugonjwa usioponyeka unaweza kuwa na maumivu yanayotulizika, na kutuliza maumivu ni sehemu ya tiba.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi tatu. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa kama aspirini na parasetamoli. Ya kiasi, kwa dawa kama kodeini. Na makali, kwa mofini. Katika nchi jirani ya Uganda, wagonjwa wamekuwa wakinywa mofini ya maji majumbani mwao tangu mwaka 1993.

Kanuni kubwa ya dawa hii ni saa. Nguvu ya mofini ya maji hudumu kwa muda wa saa nne hivi. Kwa hiyo hutolewa kwa saa alizoagiza daktari, bila kungoja maumivu yarudi. Anayengoja mgonjwa alie ndipo ampe dawa amekwisha chelewa, kama mkulima anayepulizia pamba baada ya funza kula vitumba.

Wapo wanaohofu kwamba mofini itamfanya mgonjwa kuwa mlevi wa dawa au itamharakishia kifo. Ikitumiwa kwa kipimo cha daktari ili kutuliza maumivu, hofu hiyo haina msingi. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo ndiko huendelea, na kwa sababu hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo. Mofini isikatizwe ghafla, isigawiwe mtu mwingine, na iwekwe mbali na watoto.

Anayeuguza naye asisahauliwe. Mara nyingi ni mke au binti, ambaye hukesha usiku na asubuhi hungojewa na jembe. Hapo ndipo chama cha msingi kinapohitajika. Katibu aweza kuifundisha kaya kuandika katika daftari saa za dawa na kiasi kilichobaki, ili nyingine ifuatwe kabla haijakwisha. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza adha ya kungoja kivuko kwa wanaokwenda Bugando. Wanachama nao waweza kupanga zamu za palizi, za kuchota maji, na za kukaa na mgonjwa ili anayeuguza apate kulala.

Ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulijengwa miaka ya 1950 na wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani, kila mmoja peke yake. Mzigo wa kuuguza nao haufai kuachiwa kaya moja.