Sura ya Sita: Farasi Anayekujia

Vijana wetu wanaopiga picha za soka, wawe Louisville, Columbus au Buffalo, huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue kamera ipi isiyokosa fokasi?" Kamera hiyo haipo. Matangazo yamewaaminisha kwamba wingi wa pointi za fokasi ndio dawa, na wapo wanaoingia madeni kwa imani hiyo. Wengine huzima na kuwasha kamera kabla ya kipenga ili "iamke". Huo ni ushirikina, nao hauna nafasi katika kazi hii.

Picha nyingi ninazoletewa eti autofokasi imefeli, fokasi yake ni salama kabisa. Tazama nyasi. Kama nyasi za miguuni pa mchezaji ni kali na yeye mwenyewe amevutika kama rangi iliyopanguswa, shata ilikuwa ya polepole. Ipandishe hadi 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Kama nyasi kali ni zile za nyuma yake, hapo ndipo uilaumu fokasi.

Kosa la pili linahusu kasi, na kwa hilo twende Louisville, kwenye uwanja wa Churchill Downs, ambako mbio za Kentucky Derby hufanyika tangu 1875. Mwaka 1973 farasi Secretariat alimaliza kilomita 2 kwa sekunde 119 na nukta kadhaa, rekodi ambayo haijavunjwa. Huo ni wastani wa mita 17 hivi kwa sekunde. Wengi hudhani farasi wa namna hiyo ni mgumu anapokupita ubavuni. Sivyo. Akipita ubavuni, umbali kati yenu haubadiliki sana. Kazi kubwa ni ya mikono yako kumfuata. Mgumu ni yule anayekujia uso kwa uso.

Chukua lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/2.8. Farasi akiwa mita 20 kutoka kwako, ukanda unaoonekana mkali hauzidi nusu mita. Ukipiga picha 10 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata amesogea mita 1.7, ameuvuka ukanda ule karibu mara nne. Tena hatua hiyohiyo ya mita 1.7 akiwa mita 100 huidai lenzi kazi ndogo mno. Akiwa mita 20, huidai zaidi ya mara 25 ya kazi ile. Ndiyo maana picha za mbali hutoka safi na za karibu huharibika.

Ili kupata fokasi, kamera hulinganisha mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi na unaopita upande wa pili. Taswira hizo mbili zisipolingana, tofauti yake huiambia lenzi izunguke upande gani na kwa kiasi gani. Lakini kipimo hicho ni cha pale farasi alipokuwa. Kamera hulazimika kukisia atakapokuwa shata ikifunguka, na hukisia vizuri tu ikiwa umemfuata tangu mbali bila kumpoteza.

Kumfuata huko huwa kugumu kitu kingine kikikatiza mbele ya lenzi, na Buffalo kitu hicho ni theluji. Tarehe 10 Desemba 2017, Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani ya huko, walicheza na Colts katika theluji nzito, wakashinda 13 kwa 7 katika muda wa nyongeza. Katika hali kama ile, kamera iliyowekwa iitikie upesi kila kitu hukimbilia chembe zinazoanguka mbele ya lenzi. Punguza wepesi huo. Columbus pia, beki akikatiza mbele ya mshambuliaji wako, mpangilio ni huohuo: kamera isubiri kidogo kabla ya kuhama.

Kwa hiyo usikope kwanza. Jumamosi nenda uwanjani na kamera uliyonayo, mwambie mdogo wako akukimbilie kutoka mita 50, mpige picha mfululizo hadi akufikie, kisha kuza kila picha na utazame nyasi.