Vipepeo wa Kalimabenge

Tunaanzia mtoni Kalimabenge, hapa Uvira, saa tatu asubuhi, jua limeshapanda kutoka upande wa Burundi na mchanga umeanza kupata joto. Akina mama wameshaanika nguo juu ya mawe. Pembeni kidogo, pale mbuzi walipokojoa, vipepeo wametua kwa makumi, ndimi zimezama topeni: weupe, wa manjano, na wale wenye mikia mirefu kama upanga. Karibu wote ni madume. Wanafuata chumvi, kwa sababu majani waliyokula wakiwa viwavi huwa na chumvi kidogo mno. Dume akipandana na jike humgawia akiba hiyo, nayo huingia katika mayai.

Nyavu hatubebi. Tunabeba daftari, na mmoja wetu huandika tarehe, mahali na ua lililotembelewa. Peke yako utaona rangi ikipita tu. Mkiwa sita, hakosi mmoja atakayeona ilipotua.

Wanaotuchelewesha zaidi ni wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi. Danaus chrysippus alikula mimea yenye utomvu mweupe alipokuwa kiwavi, na sumu yake imebaki mwilini. Ndege akimwonja hutapika, harudii tena. Jike la Hypolimnas misippus hana sumu, lakini amevaa kitenge kile kile na ndege humwogopa. Mume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe, hata wengi hudhani ni aina nyingine kabisa. Tazama bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwigaji analo moja, ukingoni. Ndege hapati muda wa kuhesabu. Sisi tunao, na mtoto akishajifunza kuhesabu madoa hayo hatoki tena mtoni bila kuinama.

Mvua zikianza, Septemba au Oktoba, majani machanga yanachipua na viwavi wanajaa hadi nyumbani. Funza wa mlimao, anayekuja kuwa Papilio demodocus, akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe laini yenye harufu kali. Watu humuua. Mimi naomba aachiwe tawi moja. Kule Gede, pwani ya Kenya, tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi katika mradi wa Kipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo, hivyo msitu ukiwa hai nao wanakula.

Aprili tunakwenda kwa hofu. Wingu likiwa jeusi juu ya milima ya Mitumba, tunatoka mtoni hata kama hapa chini jua linawaka. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto jirani wa Mulongwe ulishuka na mawe, ukachukua nyumba na watu.

Kuanzia Juni nyasi za bonde la Ruzizi zinakauka na kuchomwa. Ndipo tunaingia vichakani kutafuta Bicyclus, wadogo wa kahawia wanaopenda kivuli. Wa wakati wa mvua wana macho makubwa yaliyochorwa mabawani. Wa kiangazi macho hayo yamekuwa vitone tu, na akitua juu ya majani makavu humwoni mpaka umkanyage. Ni aina moja. Joto au ubaridi aliokulia kiwavi ndio huamua avae nguo gani.

Uvira iko kama mita 770 juu ya bahari, na milima iliyo nyuma yetu inapita 3,000. Huko juu, upande wa Itombwe, msitu uliotangazwa hifadhi mwaka 2006, vita vimetufungia njia mara nyingi. Katika misitu ya milima ya ukanda huu wetu, kuanzia Kivu hadi Uganda, Rwanda na Burundi, anaishi Papilio leucotaenia, mweusi mwenye mkanda wa rangi ya maziwa, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Sijamwona bado. Njia ikitulia, tutapanda na wazee wanaoujua msitu, tumtafute.