Udongo wa Nusu Shibiri

Anayeotesha mrehani au giligilani kwenye beseni lililotobolewa huambiwa kwamba udongo wa nusu shibiri hautoshi, mizizi itakosa pa kwenda. Lawama hiyo imemwangukia asiye na kosa. Kusini mwa Unguja, kuanzia Paje hadi Makunduchi, ardhi ya uwanda ni mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo mashimoni, na watu wamelima humo miaka nenda miaka rudi. Zaatari nayo asili yake ni vilima vya mawe ya chokaa kando ya Mediterania, ambako udongo ni haba na kiangazi ni kikavu. Ihamishie kwenye tifutifu yenye samadi tele, uimwagilie kila siku: itanenepa, harufu ipwaye.

Kinachoua miche ya beseni ni maji, tena kwa njia mbili zinazopingana. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze kiganjani mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima: maji yatatoka tena. Udongo nao ndivyo ulivyo. Chini hubaki tabaka lililolowa chepechepe, na unene wake haupungui eti kwa kuwa chombo ni kifupi. Kwenye ndoo, mizizi hupata nafasi ya kupumua juu ya tabaka hilo. Kwenye beseni la sentimita 10 sehemu kubwa ya udongo huwa tope lisilo na hewa. Kokoto za chini hazisaidii, hulisogeza tope karibu zaidi na mizizi (ushauri huo wa kokoto haufi, sijui kwa nini). Kisha jua likipiga siku mbili, udongo uleule mchache unakauka wote. Uwanda umesalimika na tope kwa sababu jiwe lake lina nyufa, maji yanapita.

Kuna watakaosema giligilani ina mzizi mkuu unaozama. Ni kweli, lakini jikoni yanatakiwa majani, nayo hukatwa ingali changa. Kinachoiponza ni joto na kiu, vinavyoifanya ikimbilie kutoa maua. Hivyo imwagwe mbegu papo hapo bila kuhamishwa, barazani penye kivuli kuanzia saa sita. Mnanaa hutambaa juujuu na haujali unyevu. Zaatari ipewe chombo chake, udongo uchanganywe na mchanga mkubwa, iachwe juani. Ukiipanda pamoja na mnanaa, hakuna kipimo cha maji kitakachoiridhisha mimea yote miwili.