Mashujaa wa Jukwaani katika Picha za Edo

Katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, zama za dola ya ukoo wa Tokugawa, mwenye haki ya kuvaa panga mbili kiunoni alikuwa samurai. Mfanyabiashara, awe na mali ya namna gani, alikuwa chini yake kwa daraja, na mchezaji wa kabuki, tamthilia ya jukwaani ya Kijapani, pamoja na kushangiliwa na umati, kwa sheria alihesabiwa duni kuliko wote hao. Hata hivyo, raia wa mji huo alipotamani picha ya shujaa, aghalabu hakutafuta sura ya samurai aliyempisha njiani, bali ya mchezaji aliyejivika ushujaa jukwaani.

Aliyewapa wachoraji wa ukoo wa Torii, wachora picha za wachezaji hao, la kuchora ni Ichikawa Danjūrō wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1660, mwasisi wa mtindo wa aragoto, mchezo wa makeke na vishindo, ambao mchezaji hujipaka usoni mistari myekundu ya ushujaa na ghadhabu (buluu ni ya waovu), hukanyaga sakafu kwa nguvu, kisha husita ghafula, macho kayakodoa, viungo vimemtuna, asitikisike hata kidogo. Kituo hicho, kiitwacho mie, ndicho mchoraji alichokivizia. Nami naona mchezo wenyewe ulikwisha kuwa picha kabla wino haujagusa karatasi. Hapo mchonga nakshi aliuhamishia mchoro katika ubao wa mti wa cheri, mpiga chapa akaupaka wino na kuukandamizia karatasi, na tangu mwaka 1765 ikaenea desturi ya kuchonga ubao mbalimbali kwa kila rangi. Lakini mwenye mtaji na kauli ya mwisho alikuwa mchapishaji.

Katika mchezo wa Shibaraku, shujaa Kamakura Gongorō hutokeza na mikono ya joho mipana ajabu, yenye alama ya miraba mitatu iliyomo mmoja ndani ya mwingine, ambayo si alama ya Gongorō, bali ya nyumba ya Danjūrō. Mnunuzi alilijua hilo, na ndilo alilolipia.

Serikali haikuridhia. Mambo ya mashujaa wa karibuni yalikuwa marufuku kutajwa, hata kisasi cha samurai 47 kwa ajili ya bwana wao, kilichotimizwa mwaka 1703, kilipotungiwa mchezo wa Chūshingura mwaka 1748, kilirudishwa nyuma hadi karne ya 14. Mwaka 1842 picha za wachezaji zikapigwa marufuku, na Danjūrō wa saba akafukuzwa mjini kwa israfu. Wachapishaji, watu wa hila, wakawatoa wachezaji wale wale kwa majina ya mashujaa wa kale, bila kumtaja mchezaji. Na mnunuzi, aliyezijua pua zao kuliko za jirani zake, akalipa asiulize.